Filta ya petroli yenye bakuli la kuonyesha: misimu miwili tezini mwa boti yangu

Ndani ya wiki tatu nilifungua kabureta mara tatu. Kila mara nilisafisha jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, kwa dawa na hewa ya kompresa, nikafunga, nikawasha pale gatini na mashine ikavuma vizuri kabisa. Nikitoka, mwendo wa taratibu hauna shida. Nikishapita maji ya kina kifupi na kupandisha rezi, omo, yaani mbele ya boti, inanyanyuka, na muda si mrefu nguvu zinaanza kushuka kama mtu anayefunga bomba polepole. Halafu kimya. Mara ya tatu mkondo ulikuwa unatusukuma kuelekea mwambani, na mdogo wangu amesimama omo, kashika nanga, hasemi neno. Siku ile nikaapa sigusi kabureta tena mpaka nione kwa macho yangu kinachopita kwenye mpira wa mafuta.

Kilichonionyesha ni filta hii ya kutenganisha maji. Chapa ziko nyingi na umbo ni lilelile, kwa hiyo naizungumzia aina yenyewe: kopo la kuzungusha kama filta ya oili, la maikroni 10 (ndio udogo wa matundu yake ya kuchujia), linalokaa kati ya tangi na mashine. Chini yake kuna bakuli la plastiki ngumu inayoonyesha, na chini ya bakuli koki ndogo ya kumwagia. Mashine yangu ni ya nje, ya kuning'iniza tezini, nyuma ya boti, nguvu za farasi 40, mipigo miwili, ya kabureta. Tangi limejengwa chini ya sakafu.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Lita moja ina uzito wa gramu 740 hivi, ya maji ni kilo nzima. Mafuta yakifika ndani ya kopo mwendo wake unapungua, karatasi ya filta inayazuia matone ya maji, yanaungana na kuzama bakulini. Mashine inavuta petroli iliyobaki juu.

Siku ya kwanza nilimkalisha mdogo wangu tezini, macho kwenye bakuli. Tulipokuwa tunakwenda pole pole hakuona kitu. Nikapandisha rezi, omo ikanyanyuka, na kabla sijageuka nikamsikia: "Kaka, yanaingia!" Chini ya bakuli palikuwa pamejitenga tabaka nene kama kidole, rangi ya chai isiyokolea, na mpaka wake na petroli umenyooka kama mstari wa rula. Mashine haikukohoa hata mara moja.

Pale pale fumbo la wiki tatu likafunguka. Gatini boti imelala sawa, na maji yametandaa chini ya tangi, hayafiki kwenye bomba la kunyonyea. Omo ikipanda, yote yanakimbilia nyuma, na nyuma ndiko bomba hilo liliko. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: nilizunguka plagi, koili na kabureta, kumbe jambo lilikuwa chini ya miguu yangu.

Niliyamwaga yale maji kwenye chupa ya kioo, nikaiweka juani na kuichunguza. Mbali na maji kulikuwa na vipande vyeusi, vidogo kama majani ya chai, vinavyopinda ukivibonyeza kwa ukucha. Kutu haipindi. Nikaukata mpira wa mafuta karibu na mashine na kuuchungulia: utando wa ndani ulikuwa unabambuka, sehemu moja umeinuka kama ngozi ya lengelenge. Ukiubana mpira ule kwa nje unauona mzima. Bila bakuli lile nisingewaza kuukata.

Maji yenyewe yalipita kwenye kifuniko cha kujazia mafuta kilichoko sakafuni. Oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzibia, ilikuwa imekauka na kupasuka, na mawimbi yakituama pale yanadondoka tangini tone kwa tone. Hapa niseme wazi kitu ambacho filta hii haiwezi. Petroli iliyochanganywa na ethanoli (aina ya pombe) asilimia 10 inayameza maji kidogo bila kuonyesha dalili, takriban nusu asilimia. Yakizidi hapo, ethanoli inaachana na petroli na kuzama pamoja na maji. Hali ikifika huko bakuli litajaa, utamwaga, litajaa tena. Dawa ni kulikausha tangi lote na kuanza na mafuta mapya, na ndivyo nilivyofanya. Mafuta mabovu hayo hayamwagwi baharini wala ufukweni. Yatie kwenye galoni na uyapeleke yanakopokelewa.

Sasa lawama. Ya kwanza ni kwamba kichwa cha filta kinauzwa bila nipeli za kuungia mpira, na karatasi ya maelekezo haisemi unazibaje nyuzi zake. Mimi nilizifunga na tepu nyeupe ya mabomba. Wiki moja baadaye mashine ikaanza kupoteza nguvu tena, na moyo ukanidunda. Safari hii bakuli lilikuwa safi, ila juu yake vipovu vilikuwa vinapita kimoja kimoja. Filta inakaa upande wa kunyonya, kwa hiyo penye ufa petroli haitoki, inaingia hewa, na wewe huoni hata unyevu. Nilizima mashine, nikaibana pampu ya mkono, ile ya mpira, mpaka ikawa ngumu, nikaendelea kuishikilia. Ndipo nipeli moja ikatoa jasho la petroli. Nilifungua, nikaondoa tepu yote, nikatumia gundi ya nyuzi isiyoliwa na petroli, ikaisha. Tepu ina ubaya mwingine: nyuzinyuzi zake zikikatika zinasafiri mpaka kabureta.

Pampu hiyo ya mkono isome pamoja na bakuli, maana kila kimoja kinaona kile ambacho kingine hakioni. Mashine ikivuta mpaka pampu inanywea kama tunda lililokauka, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi: tundu la pumzi la tangi limeziba, au bomba la kunyonyea, au valvu ndogo inayozuia mafuta kujivuta yenyewe kutoka tangini. Ikikataa kuwa ngumu hata ukibana mara ishirini, tafuta hewa, au vilango vyake vya ndani vimekufa. Mashine ikitaka kuzima ukaibana na ikafufuka, iangalie pampu ya mashine na diaframu yake, ule utando wa ndani unaosukuma petroli. Ukiwa bado na shaka, azima tangi la mkononi lenye mafuta safi na mpira wake, uunganishe moja kwa moja. Ikikimbia vizuri, acha mashine, ugonjwa uko ndani ya boti. Jaribio hilo lingeniokolea ile mifunguo mitatu ya kabureta.

Lawama ya pili ni koki. Ni ya plastiki, na baada ya msimu mmoja inakuwa nzito. Usiipe spana, itakatika. Ipake mafuta ya kulainisha kidogo kwenye oringi yake kila unapobadilisha filta, kisha ifunge kwa vidole tu. Bakuli lenyewe limeanza kuwa la manjano kidogo, bado linaonyesha.

Ya tatu ni nafasi. Unahitaji uwazi chini yake wa kuingiza chupa, na uwazi wa kulizungusha kopo bila kumwaga petroli ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Niliifunga kwanza karibu na betri kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Nikaihamisha siku ya pili, kwa kuwa kumwaga petroli jirani na nyaya za betri ni kucheza na moto. Na kama mashine yako iko ndani, kwenye chumba kilichofunikwa, bakuli hili la plastiki si lako. Huko linatakiwa la chuma, maana moto ukitokea plastiki inayeyuka na kumwaga petroli juu yake.

Kopo nabadilisha kila msimu, au mapema nikiona uchafu. Ningeinunua tena, na ningenunua yenye bakuli, hata kama ile ya kopo tupu, isiyo na bakuli, inachuja sawasawa, kwa sababu kopo tupu halikwambii kitu mpaka ulifungue.

Kila asubuhi kabla ya kutoka naelekeza tochi nyuma ya bakuli. Jana nilikuta matone matatu yametulia chini, madogo kama mbegu za papai. Nimekifungua kile kifuniko cha sakafuni, oringi mpya nayo imeanza kukatika upande mmoja. Leo naweka nyingine.