Windy na Zoom Earth: tathmini ya zana mbili za kufuatilia kimbunga kinapokaribia kisiwa

Zana ya hali ya hewa hupimwa vizuri zaidi pale kimbunga kinapoelekea kisiwani. Kimbunga kinachoujia mwambao mrefu hakina budi kutua mahali fulani, lakini kwa kisiwa kidogo, njia ikisogea kilomita 50 tu kaskazini au kusini, watu wataamka na matawi yaliyovunjika au wataamka bila mapaa. Ndiyo maana nimeamua kuzitathmini Windy na Zoom Earth, ambazo wengi wetu tunaofuatilia vimbunga vya Bahari ya Hindi huzifungua kabla ya nyingine zote, kwa kuangalia zinamfaa vipi mtazamaji katika hali kama ile ya Desemba 2024, wakati kimbunga Chido kilipotoka upande wa visiwa vya Agaléga, kikapita karibu na ncha ya kaskazini ya Madagaska, na asubuhi ya tarehe 14 kikaipiga Mayotte.

Mayotte si mbali nasi. Kijiografia ni mojawapo ya visiwa vinne vya Komoro, ingawa kiko chini ya Ufaransa. Saa zake ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, Kimaore kinachosemwa huko ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na ziko familia za mwambao wetu zenye jamaa katika visiwa hivyo. Anayekesha akitazama ramani usiku kama ule hafanyi hivyo kwa udadisi peke yake, bali anataka kujua, kabla mawasiliano hayajakatika, awaambie nini watu wake.

Nianze na Windy, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Mcheki Ivo Lukačovič, na ambayo hupatikana kwenye tovuti na kwenye simu. Inachora upepo kama nyuzi zinazotiririka juu ya ramani, na chini yake kuna mstari wa saa ambao mtumiaji huuburuta kwa kidole ili aone kimbunga kitakuwa wapi kesho jioni au keshokutwa alfajiri. Uzuri wa picha ndio unaosifiwa na kila mtu, lakini kwangu thamani kubwa ya Windy iko mahali pengine, nayo ni urahisi wa kubadilisha modeli, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ijayo. Unasimamisha saa ileile, unatazama modeli ya Ulaya, ECMWF, kisha unagusa GFS ya Marekani, kisha ICON ya Ujerumani, na papo hapo unaona kama zinakubaliana. Zikikiweka kitovu cha kimbunga karibu mahali pamoja, siku mbili kabla, mtu ana sababu ya kuiamini njia hiyo. Zikiachana, moja ikikipitisha kaskazini ya kisiwa na nyingine ikikipitisha katikati, basi jibu la haki ni kwamba bado hakuna anayejua, na watu wa kisiwani wajiandae kwa lile baya zaidi. Inasikitisha kwamba wengi huitazama modeli moja tu, ile waliyoikuta programu inapofunguka, na kuisambaza picha yake kana kwamba ndiyo hukumu.

Hata hivyo kuna jambo ambalo Windy haiwezi kulitoa, na ni lazima lisemwe wazi kwa sababu linahusu maisha. Modeli hugawa uso wa dunia katika miraba. Miraba ya GFS ni ya takriban kilomita 22, na ya ECMWF ni takriban kilomita 9. Kisiwa kikuu cha Mayotte, Grande-Terre, hakifiki kilomita 40 kwa urefu, maana yake kwa GFS kisiwa kizima ni miraba michache tu. Upepo mkali kuliko wote katika kimbunga hukaa kwenye ukuta wa jicho, yaani lile duara la mawingu mazito linalozunguka kitovu kitulivu, na katika kimbunga chenye umbo dogo kama Chido ukuta huo unaweza kuwa mwembamba kuliko mraba mmoja. Modeli haina namna ya kuchora kitu chembamba kuliko mraba wake, hivyo huutandaza upepo ule juu ya eneo pana, ukaonekana dhaifu kuliko ulivyo. Kwenye uwanja wa ndege wa Pamandzi, katika kisiwa kidogo cha Petite-Terre, vipimo vilinasa dharuba ya kilomita 226 kwa saa. Anayegusa ramani ya modeli na kusoma namba inayojitokeza asiichukue kamwe kuwa kipimo cha kitakachomfika. Aichukue kuwa dalili ya mwelekeo na ya wakati.

Kwa mwelekeo, kwa kweli, Windy haina mpinzani. Katika nusu ya kusini ya dunia vimbunga huzunguka kama mishale ya saa, kwa hiyo kimbunga kinachokwenda magharibi huwa na upepo mkali zaidi upande wake wa kusini, ambako kasi ya mzunguko na kasi ya mwendo hujumlishwa. Nyuzi za Windy humwonyesha hata asiyesoma fizikia kwamba upande mmoja ni mzito kuliko mwingine. Jicho la Chido lilipita juu ya sehemu ya kaskazini ya Grande-Terre, na sehemu kubwa ya kisiwa, ukiwemo mji wa Mamoudzou na vibanda vya mabati vya Kawéni, ikabaki upande ule mzito.

Zoom Earth ni zana ya aina nyingine. Nayo ina ramani za utabiri, lakini ninayoitafuta humo ni picha ya setilaiti. Kwa upande wetu wa dunia picha hizo hutoka kwa setilaiti ya Meteosat iliyowekwa juu ya Bahari ya Hindi, na mpya huja kila baada ya dakika 15. Mchana ni za rangi halisi, na usiku hutumika mionzi ya joto. Hapa mtazamaji haoni kile ambacho kompyuta inakitarajia bali kile kilichopo, na akijizoeza kidogo atajua cha kutazama. Jicho likiwa la mviringo, safi, lenye ukingo uliochongeka, na mawingu yanayolizunguka yakiwa ya baridi kali kwa usawa pande zote, kimbunga kina nguvu. Jicho likianza kujaa mawingu, na lile duara la baridi likamegeka upande mmoja, kuna kitu kinakisumbua, pengine nchi kavu iliyo karibu, pengine upepo wa juu unaokikata kichwa. Kulitazama hilo kwa saa kadhaa mfululizo, picha baada ya picha, kunafundisha zaidi ya maelezo marefu, na bila kusita ninaipa Zoom Earth nafasi ya kwanza kwa usiku wa mwisho kabla ya kimbunga kufika.

Kasoro yake iko kwenye namba. Njia na daraja la kimbunga katika eneo letu huchukuliwa kutoka kituo cha majeshi ya Marekani, JTWC, ambacho hukadiria wastani wa upepo kwa dakika 1. Kituo chenye dhamana rasmi ya Bahari ya Hindi Kusini Magharibi ni cha Météo-France, shirika la hali ya hewa la Ufaransa, kilichoko katika kisiwa cha La Réunion, nacho hutumia wastani wa dakika 10, ambao siku zote huwa mdogo. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma namba mbili tofauti za kimbunga kilekile kwa saa ileile, akadhani kituo kimoja kinaficha ukweli au kingine kinatia watu hofu, ilhali vyote viwili ni sahihi kwa kipimo chake. Zoom Earth ingewafaa sana watu wa ukanda huu kama ingeziweka namba zote mbili kando kwa kando, na kipimo cha kila moja kikaandikwa.

Baada ya ramani zote hizo bado inabaki taarifa ya La Réunion, ambayo kimbunga kikiwa hai hutoka kila baada ya saa 6. Haina mvuto wa macho, na saa zake ni za kimataifa (UTC), hivyo msomaji wa Afrika Mashariki aongeze 3. Lakini imeandikwa na wataalamu waliokwisha kuzipima modeli zote pamoja na picha za setilaiti. Huko Mayotte, saa moja asubuhi ya tarehe 14, wakuu wa kisiwa walitangaza tahadhari ya zambarau, iliyomtaka kila mtu kubaki ndani, hata waokoaji. Agizo kama hilo hutolewa na mamlaka, halitolewi na modeli. Nasi tulipata nafasi ya kuona umuhimu wake Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Kisiwa cha Mafia na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatoa taarifa zake kwa Kiswahili ambacho nahodha na mvuvi walikielewa.

Kuhusu gharama, zana zote mbili zinatosha bila kulipa. Toleo la kulipia la Windy huonyesha utabiri wa kila saa badala ya kila baada ya saa 3, nyongeza yenye faida kwa mwenye chombo baharini, lakini kwa anayefuatilia kimbunga kutoka mbali haibadilishi mengi, kwa kuwa miraba ya modeli inabaki ileile. Gharama ya kweli ni bando, maana picha za setilaiti zinazotembea hulila haraka. Mwenye bando dogo na atazame picha moja tuli kila baada ya nusu saa, na kilichobaki akitunze kwa ajili ya kuwasiliana na watu wake walioko kisiwani.