Uzoefu wangu na seti ya visu vya gia, moduli 3

Karakana yangu ipo Unga Limited, Arusha. Kazi nyingi zinazoingia ni gia za mashine za kukoboa mahindi na za kumenya kahawa. Mteja anakuja na gia iliyong'oka meno, anaitaka kesho. Miezi saba iliyopita niliagiza kutoka Dar seti ya visu vinane vya kuchongea meno ya gia kwenye mashine ya miling. Ni vya HSS, yaani chuma kigumu cha kukatia, moduli 3, ambayo ni kipimo cha ukubwa wa jino, na pembe ya mteremko wa jino ni nyuzi 20.

Ni vinane kwa sababu kila namba ina idadi yake ya meno ya gia. Kwenye seti yangu namba 8 ni ya gia za meno 12 na 13. Namba 1 inaanzia meno 135 mpaka reki, yaani gia iliyonyooka kama rula. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa gia ya meno 24, kipande cha kipenyo cha milimita 78, nikachukua namba 5 inayobeba 21 hadi 25.

Hapo ndipo nilipoumia. Tundu la visu ni milimita 27, shafti yangu ya miling ni ya inchi moja, yaani milimita 25.4, kwa hiyo kisu kinacheza. Muuzaji hakusema, nami sikuuliza. Nikachonga bushi nyembamba ya kuziba nafasi, nikafunga. Kisu kilipoanza kula nikasikia tak, kimya, tak, kimya. Kisu hakikuzunguka katikati: meno yake mawili tu yalikuwa yanakata, mengine yanapita hewani. Gia ile niliitupa.

Nikatengeneza shafti ya milimita 27 yenye funguo yake, kile kipande kinachozuia kisu kuteleza, na tangu hapo mlio ni mmoja, umenyooka. Kabla ya kufunga nafuta kwa kitambaa kila pete inayobana kisu kwenye shafti na kuipitishia kidole, maana chembe moja ya chuma ikibaki kati ya pete, ukikaza nati shafti yote inapinda. Katikati ya kipande naitafuta kwa kugusisha kisu ubavuni kupitia karatasi ya sigara. Kisu kikikaa pembeni hata kidogo, meno yanalala upande mmoja. Kina cha jino, milimita 6.75, nakipiga mara mbili: kwanza 6, halafu kinachobaki taratibu, mafuta yakitiririka.

Makali nayasifu kwa moyo wote. Gia kumi na nne za EN8, chuma cha kaboni ya wastani, na namba 5 bado haijagusa jiwe la kunolea. Siku ikifika nitainoa usoni tu, upande wa mbele wa meno ya kisu. Ukinoa mgongo umeua umbo la jino. Kasoro ni namba zilizogongwa juu juu, ya 7 karibu inafutika.

Juzi nimeagiza moduli 2. Nilianza na swali la tundu.