Hita ya Wati 50 kwa Samaki Beta Mgonjwa: Uzoefu Wangu wa Miezi Mitatu Nakuru

Nimeitumia hita ndogo ya wati 50 kwa muda wa miezi mitatu katika tangi la lita 15, hapa nyumbani kwetu Nakuru, na ninaandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye samaki wake aina ya beta amelala chini ya tangi, hali chakula, na mapezi yake yameanza kuchanika kama kitambaa kilichochakaa. Wangu nilikaribia kumpoteza kwa sababu nilihangaika na dawa huku nikimwacha aendelee kupigwa na baridi usiku kucha.

Samaki mwenyewe ni dume la buluu ambalo binti yangu alilipa jina la Samawati. Tulimnunua mwezi wa Mei akiwa ndani ya chupa ndogo, na muuzaji akatuhakikishia kwamba beta hahitaji kitu zaidi ya maji na chakula. Maneno hayo yana ukweli kidogo ndani yake, kwani beta ana kiungo maalumu karibu na mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, hivyo huweza kuishi katika maji yenye oksijeni chache ambayo yangemuua samaki mwingine upesi. Kuhusu joto, hata hivyo, muuzaji hakutuambia neno. Asili ya beta ni Thailand na nchi zilizo jirani, katika vinamasi, mitaro na mashamba ya mpunga ambayo mtu aliyewahi kupita Ahero anaweza kuyawazia, na maji yanayomfaa huwa na nyuzi kati ya 25 na 28 za Selsiasi. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Nilipopima maji ya Samawati saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, kipimajoto kilionyesha nyuzi 18.

Kabla ya kupima nilikuwa nimeshamtia dawa ya matone ya buluu kwa siku tano bila kuona nafuu yoyote. Tumbo lilikuwa limevimba kidogo, mapezi ameyabana mwilini, na alipotaka kuvuta hewa alipanda juu kwa shida na kushuka kama jani. Aliyenifumbua macho ni mzee jirani yetu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitotolesha vifaranga vya kambare upande wa Kisumu. Aliingiza kidole ndani ya maji, akakitoa, akaniambia, "Mama, huyu usimwongezee dawa. Mpe joto kwanza." Alinieleza kwamba joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji, kwa hiyo maji yakipoa, chakula hakisagiki vizuri tumboni na kinga ya mwili hulegea, na hapo ndipo vijidudu vilivyokuwamo majini siku zote hupata nafasi ya kula mapezi.

Hita niliinunua dukani mjini kwa shilingi 1,800. Ni bomba la kioo lenye urefu wa shibiri moja hivi, lina vishikizo vya mpira vya kunata kwenye ukuta wa tangi, kitufe cha kuchagulia joto, na taa nyekundu inayowaka wakati inapopasha. Sikuyapandisha maji kwa mara moja, kwa maana badiliko la ghafla lingemchosha samaki aliyekwisha kudhoofika. Nilianzia nyuzi 20 na kuongeza mbili kila siku hadi 26. Siku ya tatu Samawati aliyafungua mapezi yake. Siku ya sita alikula punje mbili za chakula, na binti yangu alikuja kuniamsha kabla ya alfajiri ili nikashuhudie.

Nikisema kwamba hita peke yake ilimponya nitakuwa nimewadanganya wasomaji. Katika siku hizo nilimnyima chakula kwa siku mbili ili tumbo lipungue, nikatia chumvi ya akwariamu (ile inayouzwa kwa matangi ya samaki) kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 4 bila kuzidisha siku 10, na kila siku nilibadilisha robo ya maji kwa maji yaliyokaa ndoo wazi saa 24 ili klorini ipungue, baada ya kuyapasha yafikie joto lile lile la tangi. Jambo la kubadilisha maji ningependa litiliwe mkazo. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia huzidi kuwa sumu kadiri maji yanavyopata joto, hivyo anayetia hita katika maji machafu anaweza kumwongezea mgonjwa madhara. Wifi yangu aliye Mombasa alitutumia kwa basi majani makavu ya mti wa mkungu, ambayo wafugaji wengi wa beta huyatumia. Yaliyageuza maji kuwa na rangi ya chai na samaki alionekana kutulia, ingawa mimi siwezi kuyahesabu kuwa ndiyo tiba.

Kasoro za hita hii zipo na inafaa zijulikane. Kitufe chake hakisemi kweli: ukikiweka kwenye 26, maji hufika 28, nami niligundua hayo kwa sababu tu nilikuwa na kipimajoto kingine pembeni. Kwa hiyo bei halisi ni ya vitu viwili, hita na kipimajoto, na asinunue mtu kimoja bila kingine. Waya wake ni mfupi. Karatasi ya maelezo haikutaja kwamba hita lazima ichomolewe kwenye umeme na kuachwa ipoe kama dakika 15 kabla ya kupunguza maji, ilhali kioo chenye moto kikiachwa hewani kinaweza kupasuka. Kuhusu gharama ya umeme nilikuwa na hofu ambayo haikuwa na msingi, kwa sababu hata kama ingewaka nusu ya kila siku, ingetumia uniti 18 kwa mwezi, na mchana wa jua huwa haiwaki sana.

Umeme ulipopotea usiku mmoja wa Agosti, tulilifunika tangi kwa blanketi pande zote tukiacha nafasi ndogo ya hewa juu, na hadi asubuhi maji yalikuwa yameshuka nyuzi 3 tu. Tangu hapo kifuniko hakitoki, maana beta huvuta hewa ya juu ya maji na ni heri hewa hiyo nayo iwe ya vuguvugu.

Ningeinunua tena hita hii, hasa kwa anayeishi Nakuru; ndugu zangu wa Kisumu huenda wakaihitaji usiku tu. Mapezi ya Samawati yameanza kuota upya, na sehemu mpya haina rangi bado, ni utando mwembamba unaopitisha mwanga. Binti yangu huipima kwa rula kila Jumamosi akiwa amesimama nje ya kioo, na wiki hii ameandika milimita 4.