Shindano la kuchanganya muziki mtandaoni: majaji au kura za washiriki?
Katika shindano hili kila mshiriki huunganisha na kusawazisha rekodi zilezile za sauti na ala ziwe wimbo mmoja, kisha kazi hushindanishwa. Kwa gharama, kura za washiriki zinashinda, kwani hakuna anayedai ujira, ilhali majaji wazoefu, hata wakijitolea, huhitaji kubembelezwa na kusubiriwa. Kwa uaminifu wa matokeo mambo hugeuka: sikio hupendelea sauti iliyo kubwa kidogo, hata kwa desibeli 1, hivyo mpiga kura asiye na subira huichagua kazi iliyopazwa badala ya iliyosawazishwa vyema, ingawa kasoro hiyo hupungua mwandaaji akifanya ukubwa wa sauti wa faili zote uwe sawa na kuficha majina. Majaji nao (tusiwatukuze mno) hukinai wimbo uleule wakiusikia mara 20. Usimamizi wa kura hudai kuwasaka wanaopiga mara mbili. Kwa kikundi kidogo kinachotaka kujifunza, kura zenye maoni ya lazima zinafaa; penye zawadi ya fedha, ningetafuta majaji.