Modo za magari ya mashindano: ukiwa Dodoma uanze kununua ipi, kwa mpangilio wangu

Mbukwenyi. Kila mgeni akija home akaliona lile kabati la sebuleni swali ni lilelile, "kaka hivi vigari unavitoa wapi na mi nikitaka kuanza nianze na kipi", nikianza kujibu naongea nusu saa mtu anaishia kuangalia simu, kwaiyo nimeamua niandike yote siku moja.

Kwanza tuelewane, siongelei vile vya chuma vilivyokuja vimekamilika unaweka tu kwenye dashibodi. Naongelea boksi ambalo ukifungua unakuta vipande mia na ushee vya plastiki vimeshikana kwenye fremu zao, matairi ya mpira, stika na kitabu cha maelekezo, we ndo unakata, unasugua msasa, unapaka rangi, unagundisha, mpaka linatoka gari la mashindano lenye mikanda ya kiti na nyaya za plagi. Skeli ya 1/24 maana yake gari halisi limepunguzwa mara ishirini na nne, kwaiyo gari la mita nne na nusu linakuja kama sentimita kumi na tisa hivi. Ya 1/12 ni mara mbili ya hapo kwa urefu, na kwa kazi ni hata mara tano.

Mi nilianza na hiyo 1/12. Niliwaza kikubwa kinashikika vizuri, vidole vyangu vinene, basi. Bodi nimeipaka rangi mara tatu, mara zote vumbi, mpaka leo liko juu ya kabati la nguo na mama watoto akitaka kunikomesha kwenye mabishano analitaja lile boksi. Kwaiyo mpangilio huu sio wa uzuri wa gari, ni wa kipi utakimaliza.

Namba moja, Tamiya 1/24. Hawa ni Wajapani wa Shizuoka na sifa yao ni moja tu, vipande vinaingiana. Unakata, unagusisha, vinakaa, huhitaji kujaza mapengo na pati. Chukua Mercedes-AMG GT3 au Toyota TS050, ile iliyobeba Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, miaka mitatu mfululizo, 2018 mpaka 2020. Nyingi za aina hii hazina injini ndani na watu wanalalamika, mi naona kwa boksi la kwanza ni nafuu kwako, utapata kazi ya kutosha kwenye bodi, chumba cha dereva na stika. Bei huko nje zinacheza dola 35 mpaka 60, mpaka ifike Dom na usafiri na kodi zake weka akilini kwenye laki mbili hivi.

Namba mbili ndo moyo wangu ulipo, magari ya Safari Rally ya kampuni ya Hasegawa, 1/24 vilevile. Wana Datsun 240Z ya 1971 na Bluebird ya 1970, zote mbili zilishinda mikononi mwa Edgar Herrmann na msomaji ramani wake Hans Schüller, enzi zile bado inaitwa East African Safari. Ile 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi mzee wangu alivyoiona alikaa nayo mkononi muda mrefu sana bila kuongea. Hasegawa inakudai kidogo zaidi ya Tamiya, kuna sehemu lazima ujaribishe kwanza kabla ya gundi, ila gari la Safari lina siri moja, halitakiwi kung'aa! Rangi ikipata kasoro unaizika kwenye tope. Na tope lenyewe liko mlangoni, chukua udongo mwekundu, ponda, chekecha kwenye soksi ya kike mpaka uwe unga kabisa (punje ya mchanga wa kawaida kwenye 1/24 inaonekana kama jiwe la kujengea), changanya na rangi ya maji ya kahawia na klia isiyong'aa (ile rangi ya juu isiyo na rangi), paka chini ya mikono ya matairi. Unavumbisha gari la Safari kwa vumbi la Dodoma kabisa, nani mwingine duniani ana hiyo.

Shida ni kwamba Hasegawa wanatoa kwa awamu, likiisha linaisha mpaka waamue tena. Ukiliona na una hela usisubiri mshahara ujao.

Namba tatu NuNu na Beemax, 1/24. Hizi ndo za yule anayetaka gari lijae vitu. Wanauza pembeni seti ya vibati vyembamba kabisa, buckle za mikanda, nyavu za radieta, klipu za boneti, unavikata na wembe na kuvikunja kwa koleo ya nyusi. Bila hiyo seti gari liko kawaida, ukiiweka mtu anauliza kama ni picha ya gari la kweli. Lakini plastiki yake haisamehi kama ya Tamiya na stika ni nyingi mno, BMW M8 GTE jipange wiki nzima ya stika tu. Nimeziweka tatu kwasababu ya hizo stika, sio kingine.

Namba nne ni Formula 1 za Tamiya za 1/20. Nzuri, nyingi unafunua kifuniko unaiona injini. McLaren MP4/4 ya madereva Senna na Prost, ilishinda mbio 15 kati ya 16 mwaka 1988, kila mtu anaitaka. Sasa ujue mapema, stika za kampuni ya sigara iliyodhamini timu hazimo humo kwenye boksi, lazima uagize kwa watengeneza stika wengine, la sivyo unabaki na gari jekundu na jeupe halina jina. Tena vile vyuma vya kushikilia matairi ni vyembamba kama njiti ya kiberiti. Nyumba yenye watoto wadogo hapana.

Namba tano Revell. Wajerumani hawa wanauza seti iliyo na rangi, gundi na brashi humohumo, kwa zawadi ya mtoto wa miaka kumi na mbili safi sana. Ila boksi linaweza kuwa jipya na moldi (kalibu ya kutengenezea vipande) ya zamani mno, kabla hujalipa tafuta mtu aliyefungua boksi hilohilo uone vipande vyenyewe.

1/12 za Meng na Tamiya, na juu yao Model Factory Hiro, nimeziweka mkiani makusudi. Ford GT40 ya Meng, ile ya Le Mans 1966 Ford walipomaliza wa kwanza mpaka wa tatu, ni kitu cha kupiga picha. Hiro wenyewe sio plastiki, ni chuma laini na resini, unatoboa na kuweka pini za waya kila mahali, gundi ya plastiki haifanyi kitu pale, na bei za 1/12 ni milioni moja na nusu kupanda. Hiyo hela hapa unapata bodaboda mtumba inayotembea. Rudi huku ukishamaliza matano, sio kuanza.

Haya, boksi ni nusu tu ya matumizi, na hapa ndo Dodoma inatofautiana na Dar. Jamaa yangu wa Dar akipuliza rangi kwenye unyevu inamfanyia ukungu mweupe, sisi hatuna hilo tatizo, hewa yetu kavu. Lakini ukavu huohuo unafanya plastiki ivute vumbi kama sumaku, na rangi inakauka mdomoni mwa eabrashi (kile kipuliza rangi kidogo cha mkononi) kabla haijafika kwenye gari. Dawa yangu, napaka alfajiri kabla upepo haujaamka, namwaga maji sakafuni bafuni, nafuta bodi na kitambaa chenye unyevu kidogo, nikimaliza nafunika na beseni. Miezi ya Juni mpaka Septemba kule Nkuhungu mchana hata usijaribu.

Rangi za kopo za Tamiya chukua zilizoandikwa TS. Zenye PS ni za bodi laini za magari ya rimoti, usichanganye. Tatizo makopo ya kupuliza na gundi hayapandi ndege kirahisi kwasababu yanashika moto, kwaiyo mi boksi naleta kwa ndege na makopo yanakuja na meli kupitia wakala wa mizigo wa Guangzhou, Dar mpaka hapa ni basi. Ukishindwa kusubiri nenda kwa wauza rangi za magari, msasa namba 1000 na 2000 wanao, praima wanayo, ila thina yao ni kali, inakula plastiki, puliza ukungu mwembamba kwanza ukauke ndo urudie. Klia yao ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) inang'aa balaa lakini mvuke wake ni sumu, barakoa ya kitambaa haisaidii, vaa ile yenye vichujio na upulizie nje.

Supaglu ya mia tano weka mbali na vioo, moshi wake unavifanya vyeupe. Vioo mi nagundisha na gundi nyeupe ya maseremala. Wembe wa opereshi unapatikana duka la vifaa tiba. Nyaya za plagi nachuna kwenye earphone zilizokufa, fundi simu ananipa bure na ananicheka.

Boksi likifika usiweke kabatini kwanza. Fungua siku hiyohiyo, hesabu fremu zote ukilinganisha na kitabu, angalia kioo cha mbele hakina ufa, na zile stika ziache kwenye mfuko wake wa nailoni.