Princess Principal: ushushushu mtamu, mpaka ulipotaka makubwa

Siku ya kwanza nilidhani nimepakua faili siyo. Sehemu ya kwanza ya Princess Principal, anime (katuni ya Kijapani) ya mashushushu, imeandikwa kesi ya 13. Nikafuta, nikapakua tena, bando likakata, na namba ikawa ileile 13. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyenisumbua mwezi mzima niiangalie, alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe wenyewe ndivyo walivyopanga: ya pili ni kesi ya 1, ya tatu kesi ya 2, halafu unarushwa mpaka ya 9, unarudishwa 7, unapaishwa 18. Kwa wiki moja niliangalia zote 12, nikarudia, na sasa nina ya kusema.

Hii ni anime ya mwaka 2017, ya studio mbili, 3Hz na Actas. Haikutolewa kwenye manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) wala riwaya. Hadithi ilitungwa kwa ajili ya skrini, kwa hiyo hakuna mjuaji wa kukuambia mbele kunatokea nini. Mambo yako London, lakini London ya kubuni. Ufalme wa Albion umegundua madini yaitwayo Cavorite, yanayofanya vitu vielee hewani, ukajenga meli za kivita zinazoruka na kuitawala dunia. Kisha yakatokea mapinduzi, nchi ikagawanyika, na ukuta ukaupasua mji katikati kama ule wa Berlin. Wasichana watano wa shule ya mabinti wa wakubwa ndio mashushushu wa upande wa pili, na mmoja wao ni binti mfalme mwenyewe.

Uzuri wake uko kwenye uongo. Ange, jasusi mkuu, ukimuuliza ametoka wapi anakujibu kwa uso mkavu kwamba ametoka sayari ya Mjusi Mweusi. Mwanzoni nikaona utoto. Baadaye nikaelewa kwamba ule uongo wa kitoto ndio ukuta wake. Akikudanganya waziwazi hivyo, hutafuti uongo mwingine ulio chini. Beatrice naye ana chombo shingoni, baba yake mwenyewe alimharibu koo katika majaribio yake, na sasa anaigiza sauti ya mtu yeyote. Kila mmoja ana jeraha, na jeraha hilohilo ndilo nyenzo yake ya kazi.

Sehemu ya sita ndiyo iliyonimaliza. Kama hujaiona, ruka aya hii, sitaki kukupunguzia uhondo. Dorothy, mkubwa wao, yule dereva mwenye maneno mengi, anatumwa pamoja na Beatrice mochwari kutafuta siri iliyofichwa kwenye maiti. Huko anakutana na baba yake, mlevi mwenye madeni, aliyekuwa akimpiga utotoni. Hakuna mapigano ya maana humo, hakuna kuruka juu ya mapaa. Kuna baba na binti wanaogeuzageuza maiti, na polepole wanaanza kuongea kama watu. Mwishoni Dorothy na Beatrice wako baa wanamsubiri mzee aje wanywe pamoja. Wanaimba. Wewe mtazamaji unajua mzee yuko wapi. Yeye Dorothy hajui, anaendelea kuimba. Nilizima simu nikakaa tu.

Kwa dakika 24 kupata kitu kama kile ni nadra, na si bahati. Hii anime inajua kufunga hadithi fupi: kazi moja, mtu mmoja, mlango unafungwa. Muziki ni wa Yuki Kajiura na unambeba mtazamaji vizuri, ingawa wimbo wa kufungulia, wa kundi la Void_Chords, ndio niliojikuta nauimba jikoni bila kujua neno hata moja.

Sasa lawama. Sura za wasichana ni za kidoli mno, macho makubwa, mashavu ya mtoto. Sehemu moja mtu anauawa, na aliyemuua unaweza kumchora kwenye kopo la biskuti. Wengine wanasema tofauti hiyo ndiyo ladha. Mimi ilinichukua sehemu tatu kuizoea. Na adui mkubwa, Duke wa Normandy, anasimama, anakunja uso, anaondoka. Sijui anaogopa nini, sijui anapenda nini.

Lakini hilo dogo. Kubwa ni sehemu mbili za mwisho. Ghafla wanataka kumuua malkia, na wanaotumiwa ni askari waliotoka katika nchi zilizotawaliwa na Albion, watu waliochoka kudharauliwa. Hapo nikajiweka sawa kwenye kiti. Babu yangu mzaa baba alikuwa keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la mkoloni, Waingereza wakampeleka Burma, akarudi na koti la jeshi na kikohozi. Kwa sehemu kumi nilikuwa nikijiuliza: himaya inayoitawala dunia, hao wanaotawaliwa wako wapi? Ndio wanaletwa sasa, mwishoni kabisa, wanapewa malalamiko ya dakika chache, kisha wanakuwa watu wa kukimbia nyuma ya mashujaa wetu. Angalau kesi moja ingekuwa yao. Chise, msichana Mjapani mwenye upanga, amepewa nafasi ya kuwatazama hawa wazungu kwa jicho la mgeni na kuwashangaa, na anachekesha kweli. Askari wale hawakupewa hata jina la kukaa kichwani.

Na baada ya hapo hadithi haiishi, inasimama tu. Ukuta uko palepale. Ukitaka kuendelea kuna filamu za Crown Handler, sita zilizopangwa: ya kwanza Februari 2021, ya pili Septemba mwaka huohuo, ya tatu Aprili 2023, ya nne Mei 2025. Piga hesabu mwenyewe zitaisha lini. Sauti ya Ange nayo imebadilika, Ayaka Imamura aliyeiigiza kwenye mfululizo nafasi yake imechukuliwa na Aoi Koga. Anajitahidi, ila ule ubaridi wa kwanza niliukosa.

Kuhusu ule mpangilio wa kesi: mara ya kwanza iangalie kama ilivyorushwa, usijifanye mjanja. Mara ya pili ipange kwa namba za kesi. Mimi nilifanya hivyo Jumapili moja mvua ikinyesha. Ilivyorushwa, baada ya mochwari unapewa sehemu ya kiwanda cha dobi, wasichana wamejichanganya na wafuaji kumtafuta muuaji wa gesi ya sumu, ni vichekesho mwanzo mwisho, unapata pumzi. Kwa namba mambo yanageuka: dobi ni kesi ya 16, mochwari ya 18. Dorothy yuko kwenye mapovu ya sabuni, anacheka na wenzake, na sehemu inayofuata ni ile ya baba yake.