Nairobi hadi New York bila kushuka njiani: nilivyomleta mama

Disemba nilimfuata mama Mombasa nikamleta kwangu New Jersey, na safari hii nilikataa katakata mambo ya kubadilisha ndege. Mwaka juzi alikuja peke yake kupitia uwanja mmoja wa Ulaya. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikamwacha, akalala kwenye benchi na miaka yake 71, hana Kiingereza cha kumuulizia mtu choo. Sijasahau sauti yake aliponipigia kwa simu ya kuazima.

Basi tukapanda Kenya Airways, ile ya moja kwa moja kutoka JKIA, uwanja wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, iliyoanza Oktoba 2018. Tiketi zilizidi bei, nami nililipa kwa moyo mmoja.

Nilikuwa nimepiga hesabu. Moja kwa moja ni takriban kilomita 11,850. Ukipitia London ni karibu 12,400. Tofauti haifiki kilomita 600, chini ya saa moja angani! Kinachokula muda ni kushuka, kukaguliwa upya na kungoja. Kwa njia ile mama alikuwa amepangiwa saa 22 hata kama kila kitu kingekwenda sawa. Ila usigawanye 11,850 kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa ukajiahidi saa 13. Sisi tulitumia 15, kwani upepo wa juu Atlantiki hutoka magharibi na huipiga ndege usoni. Wakati wa kurudi upepo huohuo husukuma, na safari hupungua kama saa nzima.

Saa 15 za kukaa si mchezo. Viti ni vitatu vitatu, na miguu ya mama ilivimba. Mchukulie mzee wako kiti cha kando ya njia, umwinue kila baada ya saa mbili. Kiti cha magurudumu kiombe mapema, siku unapokata tiketi. Kijana aliyemsukuma mama Nairobi alianza na shikamoo, na ndani ya ndege mama akaulizwa kwa Kiswahili kama atakunywa chai. Nilimwona mabega yakimshuka. Hilo kwangu lilizidi thamani ya tiketi.

Tuliruka saa tano na nusu usiku, tukatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa za New York. Nairobi ilikuwa saa nane na nusu mchana. Giza lilitufuata njia nzima, maana tulikuwa tukilikimbia jua. Mama alichungulia dirishani mara ngapi sijui. "Mwanangu, usiku gani huu usiokucha?" Alishika tasbihi, akawa ananiuliza alfajiri itatukuta wapi. Ilitukuta tukishuka, mikanda imefungwa, wekundu mwembamba ukionekana nyuma ya bawa. Akasali palepale kitini.